Tangazo Langu la Chupa za Bluu

Nichekeni tu, nimeshazoea. Hadi leo nikipita sokoni Karatu kuna watu wananiita Tangazo, na jina hilo nilijipa kwa mdomo wangu mwenyewe, siku ya mnada, mchana kweupe, mbele ya wakwe ambao wiki mbili mbele walikuwa wanipe binti yao.

Mimi nauza vyombo: sufuria, ndoo, mabeseni, na zile chupa za bluu za kubebea maji ambazo kila mtu alikuwa nazo begani, kuanzia madereva wa watalii mpaka wachungaji wa ng'ombe. Sasa tajiri anayetuletea mzigo kutoka Arusha akapiga simu, Hamisi, zile chupa zirudishwe zote, rangi ya ndani ukimimina chai ya moto inaachia kemikali mbaya, mwenye nayo aje apewe nyingine bure. Nikatangaza kama nilivyoambiwa. Hakuja mtu! Dereva mmoja akasema yeye keshaizoea chupa yake na yenyewe imeshamzoea. Mama mmoja wa Olbalbal akasema ya kwake aliifukiza moshi kama kibuyu cha maziwa, kwa hiyo hiyo kemikali ilishakimbia. Mumewe akaniuliza, "Maji yenyewe nagawana na ng'ombe, halafu chupa ndiyo itaniua?"

Hapo ndipo shetani akanipitia. Nikachukua spika yangu, ile ndogo ambayo ukirekodi mara moja inarudia yenyewe mpaka jioni, nikasema: "Wanaume wa Karatu! Chupa ya bluu inamaliza nguvu za kiume! Miezi mitatu tu, humpi mtu mimba! Rudisha chupa, okoa ndoa!"

Weee! Zilirudi mbio. Wanaume walikuja wamezificha ndani ya makoti, ndani ya mashuka, mmoja alimtuma mkewe aseme ni ya jirani, na mimi nazirundika nyuma ya meza huku nacheka, najiona akili zote za Karatu nimepewa mimi, mpaka nilipoinua macho nikamwona mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Athumani, mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola, anakuja taratibu, na begani kaning'iniza chupa ya bluu. Nilimpa mimi. Zawadi, kujipendekeza, tangu Ramadhani.

Watu wote wakamtazama yeye, kisha chupa. Spika ikasema, okoa ndoa.

"Shikamoo baba," nikasema, huku napapasa kitufe cha kuzima, na kwa haraka nikabonyeza cha kuongeza sauti.

"Marahaba." Akainama sikioni kwangu. "Hamisi, mke wangu mdogo ana mimba ya miezi miwili. Hajui mtu, hata Bi Mkubwa sijamwambia. Hebu niambie, hilo tangazo lako ni la kweli?"

"Uongo, baba! Wallahi nimelitunga mwenyewe!"

"Basi lifute sasa hivi. Ukishindwa, usikanyage Mang'ola."

Mtu mwenye akili angezima spika akanyamaza. Mimi nilikuwa namwona mchumba wangu Rehema anaponyoka, nikaona lazima nimsafishe baba yake kabisa kabisa, nikarekodi upya kwa pupa: "Nilisema uongo! Chupa haimalizi nguvu! Mzee Athumani anainywea kila siku, na mke wake mdogo ana mimba ya miezi miwili, na ni ya kwake!"

Ilijirudia mara tatu kabla sijaelewa nilichofanya. Mzee alishika kichwa. Ng'ambo ya njia, kwenye rundo la vitunguu, Bi Mkubwa (mama yake Rehema, ndiye huyo huyo!) akasimama.

"Mimba? Athumani, mimba gani?"

Na wakati natamani ardhi ipasuke nidumbukie, wale wanaume niliowatisha wakarudi mezani wamefura. "Kumbe ni kemikali tu? Lete chupa yangu!" Wakazibeba zote, na wengine wakazinywea makusudi pale pale mbele yangu.

Harusi iliahirishwa kwa amri ya Bi Mkubwa mpaka mtoto azaliwe, "ili tujue wewe ni mwongo wa tangazo la kwanza au la pili." Miezi yote hiyo nililala roho juu. Mtoto akaja na masikio ya Mzee Athumani, yote mawili, nikaoa, kwa sharti kwamba bwana harusi asishikishwe maiki.

Juzi nimeenda Mang'ola na mke wangu, nikambadilishia Mzee ile chupa kwa mkono wangu. Bi Mkubwa akaniomba hiyo ya zamani, akaifungia kabatini. Nikamuuliza, mama, ya nini tena?

"Ya chai ya baba yenu. Huenda lile tangazo lako la kuokoa ndoa lina ukweli kidogo."

Nilifungua mdomo nimweleze, kisha nikaufunga. Mimi na matangazo tumeachana.