Turubai la Barabara ya Handeni

Mpaka leo wapo watu Handeni wanaosema kwamba mimi ndiye niliyewafungia barabara kwa turubai. Ni kweli. Ila hao hao hawasemi ni nani aliyelifungua. Sasa nimezeeka, nyumba yangu ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa mikono yangu, simwogopi mtu, na habari nzima nitaieleza mwenyewe.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, Magoma. Baba alikata mkonge mpaka vidole vikapinda. Aliponifia nikiwa darasa la tatu, dada yake, shangazi yangu, akanichukua kwenda kwa mumewe upande wa Handeni. Yeye ndiye aliyesuka mikeka usiku na mchana nikapata kusoma. Baada ya Uhuru nikachaguliwa kwenda ng'ambo, na baada ya miaka mitatu ya baridi na viazi nikarudi na diploma ya ufundi wa magari. Watu wa Magoma hawakuwahi kuona karatasi yenye mhuri mwekundu mkubwa kiasi kile. Niliitia kwenye fremu, nikaitundika ukutani katika karakana ya wilaya, Korogwe, juu ya benchi langu. Wengine walisema najivuna. Nilijivuna. Aliyeipata kwa jasho hana sababu ya kuificha kabatini.

Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na mafuta ya petroli yalikuwa adimu. Tulipewa kwa kibali. Karakana ilikuwa na pikapu moja ya kutegemewa, iliyokwenda Handeni kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kupeleka dawa, mbegu na barua, na kurudi Korogwe mchana. Mkuu wetu wa usafirishaji alituita, akauliza nani ana wazo la kupunguza matumizi. Wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikasimama.

Nikaeleza nilivyoona ng'ambo. Gari likienda, upepo hupita juu ya kichwa cha dereva, huanguka ndani ya bodi ya nyuma iliyo wazi, hupiga mlango wa nyuma na kulivuta gari kama mtu aliyeshika shati lako. Funika bodi kwa turubai lililokazwa vizuri, upepo utateleza juu na kwenda zake. Injini itapumua, mafuta yatabaki.

Dereva wa pikapu ile alikuwa mzee wa Kizigua, aliyeanza kuendesha malori ya mkonge kabla sijazaliwa. Alicheka mpaka kofia yake ikamwanguka.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nabeba upepo?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Cheka leo. Kesho tutapima."

"Marahaba, Diploma. Pima."

Nikapima. Alhamisi ya kwanza nilijaza tangi mpaka shingoni, pikapu ikaenda Handeni wazi kama kawaida. Iliporudi nikajaza tena, nikihesabu kila kopo la lita nililolitia. Alhamisi ya pili nikalikaza turubai kwa kamba za katani hadi likalia kama ngoma. Gari lile lile, dereva yule yule, matairi nimeyajaza upepo mwenyewe. Jioni nikakuta tofauti ya makopo sita. Makopo sita! Nilimwita dereva.

"Mzigo ulikuwa ule ule?"

"Kwa karatasi, ule ule," akasema, akaenda kunawa mikono apate kuswali.

Nikaandika taarifa kurasa mbili. Mkuu aliisoma mara mbili, akanishika bega mbele ya mafundi wote. Amri ikabandikwa ukutani: pikapu zote za wilaya zifunikwe turubai tangu getini hadi mwisho wa safari, na fundo lipigwe lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi, kama mabehewa ya reli, mtu asilifungue njiani. Taarifa ikaenda mkoani Tanga ikiwa na jina langu. Mkuu akaninong'oneza kwamba huko wanatafuta msimamizi wa karakana ya mkoa, na kwamba nianze kufungasha.

Sasa shangazi. Alikuwa anaumwa kifua. Kila Alhamisi ilimpasa kufika hospitali ya Korogwe kuchukua dawa, na mganga alikuwa amemwambia wazi kwamba akiruka wiki ataharibu kazi yote iliyofanyika, ugonjwa urudi na nguvu mpya. Hufika mchana, hulala kwangu, hurudi Jumamosi. Alhamisi ile ya turubai hakuja. Mimi, kichwa kimejaa makopo sita, nilidhani amepata nafuu. Alhamisi iliyofuata nikaona heri nipande na dereva nikamjulie hali. Nilipanga pia kumpa habari ya Tanga.

Tulikwenda Handeni, tukashusha, tukaanza kurudi. Kijiji cha kwanza palikuwa na watu kando ya barabara. Mwanamke na mtoto mgongoni, wazee wawili, mtu na kuku wake kwenye tenga. Waliliona turubai, wala hawakuinua mkono. Kijiji cha pili vile vile. Dereva akapunguza mwendo, bila kunitazama.

"Hao ndio mafuta yako uliyookoa, Diploma. Wahesabu."

Nilijua kwamba pikapu ilibeba watu. Nani hakujua? Kutoka Handeni hadi Korogwe hapakuwa na basi la kuaminika, na mwenye gari la serikali aliyewapita wagonjwa barabarani alilaaniwa na wilaya nzima. Lakini kanuni ilikataza abiria, kwa hiyo katika daftari la gari hawakuandikwa kamwe. Nami nilipima mzigo kwa daftari. Alhamisi ya kwanza walikuwa wamejaa nyuma kumi na zaidi na mizigo yao. Alhamisi ya pili turubai lilikuwa limewafukuza wote, nami nikaupa upepo sifa.

Shangazi tulimkuta mahali pake pa siku zote, amekaa juu ya jiwe, amejifunga kanga mbili. Alikuwa amekonda. Nikaruka chini.

"Shikamoo shangazi. Mbona hukuja?"

"Marahaba." Akakohoa kwanza, mpaka akamaliza. "Nije na nini? Nilijaribu kwa miguu, nikaishia kisimani, wakanirudisha. Wanasema kuna msomi wa Magoma amegundua kwamba watu ni wazito. Kweli alikaa ng'ambo miaka mitatu kusomea hilo?"

Dereva akageuza uso, mabega yakimtikisika.

"Shangazi, panda mbele."

"Na hawa?" Nyuma yake walikuwa watu sita. Turubai lilikuwa na lakiri, sikuligusa. Tulimpandisha yeye peke yake, akakaa katikati yetu, akakohoa mpaka Korogwe.

Angekuwa mtu mwingine, angemtafutia shangazi nafasi ya mbele kila wiki, akanyamaza, akaenda Tanga. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimedhani, na fundi anayedhani hana budi kupima. Jumamosi nikaomba ruhusa ya kupima tena, nikafungua turubai, nikapanda na dereva, nikamwamuru asimpakie mtu hata mmoja, kwenda na kurudi; hata shangazi nilimwacha kwangu mpaka Jumanne. Ile ndiyo safari mbaya kuliko zote nilizowahi kusafiri. Bodi ilikuwa wazi, tupu, watu wakasimama wakatupungia mikono kwa furaha, nasi tukawapita. Mama mmoja alitukimbilia akipiga kelele mpaka vumbi likammeza. Tuliporudi nikajaza tangi. Makopo yalikuwa sawasawa na siku ya turubai. Kwenye barabara ile ya mashimo na makorongo, gari likitambaa kwa gia ya pili, turubai halikuokoa hata kikombe.

Na kwa kuwa sipendi kuacha kazi nusu, Jumatatu nikaijaribu pikapu tupu kwenye lami, Korogwe hadi Segera na kurudi, kwa kasi yote iliyoweza. Huko turubai liliokoa kitu: nusu kopo, pengine pungufu. Basi anayetaka jibu, jibu ndilo hilo. Linasaidia kidogo kwenye lami kwa mwendo mkali. Kwa barabara ya Handeni ya wakati ule, lilifaa kuanikia mpunga.

Nikaenda kwa mkuu.

"Ndugu mkuu, taarifa yangu ina kosa. Naomba amri iondolewe."

Akavua miwani. "Kosa gani? Mafuta yanapungua kila wiki."

"Yanapungua kwa sababu hatubebi watu."

"Ndugu fundi, kwa kanuni hatujawahi kubeba watu. Unataka niandike mkoani kwamba tulikuwa tunawabeba?"

"Andika kwamba fundi wako mwenye diploma alikosea."

"Na Tanga je? Nafasi ile ni ya mtu aliyeokoa mafuta. Si ya mtu aliyekosea."

"Shangazi yangu akikosa dawa tena, nitaokoa mafuta ya nani?"

"Huyo ana mpwa mwenye cheo, atapata kiti cha mbele."

"Nyuma yake wapo sita wasio na mpwa."

Akaniambia nifikiri mpaka Alhamisi. Sikuhitaji. Jioni ile ile niliandika taarifa ya pili, ukurasa mmoja, nikaeleza nilivyopima vibaya na nilivyopima vizuri, abiria nikawataja kwa idadi, nikatia sahihi, nikaitia posta kwa mkono wangu iende mkoani. Nakala nikaibandika juu ya ile amri ukutani. Mafundi walisoma. Mmoja akasema, "Ndugu, umejichimbia shimo." Nikamwambia shimo nililochimba mwenyewe najua kina chake.

Alhamisi alfajiri nikachukua koleo, nikakata lakiri mbele ya mlinzi wa geti, nikalikunja turubai, nikaliweka juu ya benchi langu chini ya diploma. Mlinzi alisema ataniandika. Nikamtajia jina langu pole pole, asije akalikosea.

Tanga sikwenda. Walinihamishia Mkumbara kutengeneza trekta moja na pampu mbili za maji, na huko nilikaa miaka. Sijutii, wala sijaomba pole ya mtu. Turubai halikurudi kwenye ile pikapu. Mkuu alinyamaza tu, maana kulirudisha kungemlazimu kuijibu karatasi yangu.

Lakini mchana wa Alhamisi ile nilikuwa bado sijahamishwa. Nilikuwa kando ya dereva tulipofika kwenye lile jiwe. Nikashuka, nikamfungulia shangazi mlango wa mbele. Akanipita, akamkabidhi mtu kapu lake, akashika ubao wa bodi.

"Mbele kuna joto," akasema. "Nisukume nipande, msomi. Nyuma kuna upepo."

Nikamsukuma, kisha nikapanda nyuma pamoja naye. Tulikuwa kumi na moja na kuku wanne. Kanga yake ilipeperuka njia nzima, ikawa inanipiga usoni, naye hakuikaza. Upepo ule haukutugharimu hata kopo moja. Nimeupima.