Uvimbe Usiouma

Wateja walimwita Wembe, kwa mikono yake na kwa ulimi wake pia. Kwa miaka ishirini alikuwa amenyoa kila aina ya shingo, na shingo hizo zilimfundisha mengi. Mtu mwenye jino bovu, Wembe aligusa tezi iliyotuna chini ya taya kabla hajaambiwa lolote. Mtoto mwenye mapunye, tezi zake ziko kisogoni, ndogondogo kama punje za mahindi.

"Inauma?" aliuliza kila mara. Mteja akisema inauma, Wembe alicheka. "Basi afadhali. Katibu jino, ukirudi sitaiona." Na kweli, mtu akirudi mwezi unaofuata, tezi imenywea.

Jumatatu moja, siku yake ya mapumziko, alikuwa akijinyoa mbele ya kioo cha bafuni. Vidole vikateleza kwenye povu hadi juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto, vikasimama. Kulikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama harage, kigumu kama raba ya kufutia. Akakibonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, akitamani apate maumivu. Hakupata.

Akaketi juu ya ndoo. Alimkumbuka mteja mmoja, dereva wa lori, aliyekuwa na uvimbe wa namna hiyo na hakuujali kwa kuwa haukumsumbua. Alikuja kunyolewa mara tatu, uvimbe ukikua. Mara ya nne alikuja mdogo wake, peke yake, kusema kaka ametangulia.

Wembe hakumwambia mtu. Wiki ya kwanza alijiambia ni chunusi. Ya pili, kalala vibaya. Ya tatu akaanza kufunga kola mpaka kifungo cha juu kabisa, joto lote lile. Kazini alitania wateja kwa sauti kubwa kuliko kawaida, huku mkono ukipanda shingoni wenyewe, kama nzi asiyebanduka kidondani.

Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye aliyechoka na kimya hicho. Asubuhi moja alikuta shuka upande wa mumewe limelowa chapachapa kwa jasho, mara ya tatu juma lile. Kisha akautazama mkanda wa suruali. Ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari.

"Baba watoto, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho unachokishika kila saa. Nafundisha watoto sabini mimi. Mwongo namjua kabla hajafungua mdomo."

Akafungua kifungo. Mkewe aligusa, uso ukambadilika, lakini sauti haikutetemeka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu, twende."

Kwenye zahanati, tabibu alimwandikia vidonge vya siku kumi. "Kama ni vijidudu, itanywea," alisema. "Isiponywea, usikae nyumbani." Wembe alimeza vidonge bila kukosa hata kimoja. Siku ya kumi na moja uvimbe ulikuwa palepale, na pembeni yake tezi nyingine mbili zimevimba. Akapewa barua ya hospitali kubwa.

Daktari wa huko alikuwa binti anayeweza kuwa mwanawe. Alipapasa shingo, akaenda kwapani, akaenda kwenye kinena, polepole. Kwenye kwapa la kushoto vidole vilitulia. Wembe aliujua utulivu ule. Ndio aliokuwa nao yeye kwenye shingo ya dereva.

"Mwanangu, usinifiche."

"Sikufichi, baba. Tezi ni walinzi wa mwili. Zikipigana na vijidudu zinavimba, zinauma, vita vikiisha zinarudi. Hizi zako haziumi, ni ngumu, zimepita wiki sita, na umekonda. Sizipendi. Lakini vidole havisomi saratani. Inaweza kuwa hata kifua kikuu cha tezi. Tutaitoa moja nzima, maabara waikate na kuiangalia. Sindano ya kunyonya chembe chache peke yake haitoshi."

Walimtoa tezi moja kwa ganzi. Aliisikia mikasi ikifanya kazi shingoni mwake mwenyewe. Majibu, wakamwambia, ni baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilimmaliza kuliko ugonjwa. Simu ikilia, aliinyakua akidhani ni hospitali. Siku ya tisa, akimnyoa mhasibu mmoja ndevu, wembe uliteleza ukamchana shavu. Damu ikachuruzika kwenye kitambaa cheupe. Miaka ishirini hakuwahi kumkata mtu hivyo. Mhasibu alisema si neno, ni ajali tu, lakini Wembe alishusha pazia la duka saa tano asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.

Siku ya majibu, daktari alivuta kiti karibu. "Ni saratani ya tezi. Inaitwa limfoma."

Baada ya neno hilo Wembe hakusikia kitu. Aliona midomo ikicheza tu. Mkewe ndiye aliyeandika yote kwenye daftari la shule, kisha akauliza, "Inatibika?"

"Aina hii, wengi wanapona. Haijavuka kifua kwenda chini. Siwezi kuwaahidi, mama, lakini mmewahi."

"Tumewahi kwa sababu yangu," alisema mkewe, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Dawa ya dripu ilichukua miezi sita. Ilimtapisha, ikamnyoa nywele bila kutumia mashine, kama alivyopenda kusema, ingawa hakuna aliyecheka. Mwishoni picha ilionyesha tezi zimerudi zilivyokuwa. Duka likafunguliwa.

Sasa akigusa uvimbe shingoni mwa mteja, utani anauweka pembeni. Anauliza umeanza lini, na unauma au hauumi. Fundi seremala mmoja alimchekea, akasema ni jino. Wembe alizima mashine, akakataa kummalizia upande wa pili wa kichwa mpaka aape kwenda kupima. Ilikuwa jino kweli. Wembe alifurahi kuliko mwenye jino.

Yeye mwenyewe kila baada ya miezi mitatu anarudi kwa yule binti daktari. Usiku wa kuamkia miadi hali chakula. Asubuhi anaketi na mkewe kwenye benchi la kijani la hospitali, nguo safi. Jina lake likiitwa, mkewe husimama kwanza.