Magurudumu Mapana ya Papa

Juzi, Fungurume, niliona vijana wakifunga magurudumu mapana ya pikapu kwenye gari dogo la mashindano, na harufu ya mpira ikanirudisha utotoni, Kolwezi. Papa, baba yangu, alikuwa bingwa wa mbio za magari kama hilo. Alasiri moja aliyafungua magurudumu mapana ya gari lake, akayafunga kwenye pikapu ya Tata Kabeya, mzee jirani yetu, Mkasai aliyetoka Kasai, ambayo matairi yake ya nyuma yalikuwa yamechanwa kwa visu.

“Papa, Tata Kabeya naye ataenda kushindana?”

“Eee, mutoto wangu. Na lazima ashinde.”

Niliwapigia makofi akina Kabeya walipoondoka na magodoro yao. Sikujua kwamba Wakasai walikuwa wakifukuzwa mjini kwetu. Gari la Papa lilibaki juu ya matofali hadi likaota kutu, wala sikumsikia akijuta hata siku moja.