Maji Safi ya Radiatere

Maji ya radiatere yanapochemka hutoa harufu ya kutu yenye utamu ndani yake, kama mtu ameunguza sukari kwenye sufuria kuukuu. Kiangazi kile harufu hiyo ilikuwa imeingia kwenye nguo za Papa, baba yangu, na hata akioga haikutoka. Alikuwa na kamionete, pikapu ya zamani aliyobebea samaki kutoka Makobola na mpunga kutoka Bwegera, na kwa majuma kadhaa kila safari iliishia vilevile: mvuke ukifuka mbele, abiria wakishuka, Papa akichuchumaa kando ya njia kungoja moteri ipoe. Mara ya mwisho wanawake wa samaki walichoka kungoja, wakahamishia mizigo yao kwenye gari la mtu mwingine huku wakimtupia maneno. Jioni ile hakula. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Riziki alikuwa na minne. Niliamini kwamba gari likipona, na Papa atapona.

Siku hizohizo bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka. Mama alipanga foleni tangu alfajiri kwenye bomba la mtaa wa juu, akarudi na bido mbili, yaani madumu ya manjano, akaziweka nyuma ya mlango na kuzifunika kwa kitambaa. Hayo yalikuwa ya kunywa. Ya kufulia na kuogea tulichota ziwani, na aliyetaka kuyanywa ilimpasa ayachemshe, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimeshaingia katika nyumba za chini, karibu na ufuko.

Jumamosi asubuhi Papa alitoka mjini na kidumu cha dawa ya kijani ya kutia kwenye radiatere. Alipita moja kwa moja nyuma ya mlango.

“Baba Neema, ile maji ni ya kunywa ya batoto,” Mama alisema.

“Minye siwezi kutia maji ya ziwa mu moteri. Iko na chumvi, italeta kutu tena.”

“Basi osha na ya ziwa. Ya bomba utie kidogo, mwisho.”

“Moteri ikikufa, batoto watakula nini?”

Mama alijitwika beseni la mihogo aliyokuwa akienda kuuza sokoni, na mlangoni akaniambia, “Neema, Riziki akitaka maji, chemsha kwanza.”

Papa aligusa radiatere kwa kiganja kuhakikisha imepoa, akafungua kifuniko, kisha akalala chali chini ya gari na kulegeza kizibo cha chini. Yaliyotoka yalikuwa mazito, mekundu kama tope, yakajaza karai. Akafunga kizibo, nami nikamimina maji ya bomba taratibu kama alivyonielekeza. Aliwasha moteri ili maji yazunguke, akaizima, tukangoja ipoe, tukayamwaga. Mara ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, mara ya pili yakawa ya manjano. Nilijivuna. Watoto wa jirani walikuwa wakitazama, na Papa, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema na watoto, alikuwa akinionyesha kila mpira wa maji unakotoka na unakokwenda.

Hapo ndipo Riziki alipokuja kunivuta gauni. “Yaya, maji.” Ndivyo alivyoniita mimi, dada yake.

Bido moja ilikuwa tupu, na katika ile ya pili yalibaki kama nusu. “Papa, nimpe kidogo?”

“Itapunguka. Mpe ile ingine.”

Ile nyingine ilikuwa ndoo niliyochota ziwani asubuhi. Jiko lilikuwa halijawashwa, na nilitaka kurudi upesi kwenye gari. Nilichovya kikombe nikampa. Alikunywa chote, akajifuta mdomo, akaomba kingine, nikampa. Kisha nilirudi kwa Papa. Maji ya mwisho yalitoka meupe kabisa, akacheka, akachanganya dawa ya kijani na yaliyosalia, akajaza. Moteri ikiunguruma na kifuniko kikiwa wazi, alinionyesha namna ya kubinya mpira mnene ili hewa itoke, na mapovu yakapasuka moja moja mpaka yakaisha.

Jumatatu kulipopambazuka Riziki alikuwa akiharisha maji matupu. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Tulimpeleka kituo cha afya kwa kamionete, nimempakata, na Papa aliendesha mbio bila moteri kupata joto hata kidogo. Walimtundikia dripu. Mchana akafa.

Msibani ndugu waliuliza imekuwaje. Papa alisema, “Neema alimupa maji ya ziwa bila kuchemsha.” Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Wote walinigeukia. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake, na alisikia. Alivuta kitenge akafunika uso. Tangu siku hiyo hakuna shangazi aliyeniachia mtoto wake nimshike, na mimi mwenyewe niliona wana haki.

Leo naishi Nyamianda na mume wangu na watoto watatu. Mwaka jana wazazi walikuja kukaa nasi, na alasiri moja Papa aliwasimulia wajukuu habari za kamionete yake, jinsi alivyoiosha kwa mikono yake na haikuchemka tena hadi alipoiuza. Mwanangu mkubwa akamuuliza ni nini kilichomuua mama yake mdogo, Riziki.

“Maji ya ziwa,” Papa alijibu.

Nilisikia sauti yangu ikisema, “Maji safi yalikuwa ndani ya gari, Papa. Nilikuomba, ukakataa.”

Papa alitazama mikono yake. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Aliuacha mchi, akasema, “Ni kweli. Minye nilimuambia, akachukua yote.”

Watu husema ukweli ukitoka, moyo huwa mwepesi. Wangu haukuwa. Nyumbani kwangu kuna bomba uani na pipa la akiba kwa siku linapokauka, na watoto wangu hunywa bila kumwomba mtu. Mama sasa hunitetea mbele ya kila mgeni, kwa sauti ya juu, kama anayelipa deni. Mimi humwitikia kwa heshima. Maneno hayo niliyahitaji nikiwa na miaka kumi, na alikuwa nayo, hatua tatu tu kutoka kwa Papa.