Jalada Moja, Makabati Matatu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya masijala ya hospitali moja hapa Tabora, nikimfuatia jirani karatasi zake. Mbele yangu alisimama mama kutoka Igunga. Mumewe alikuwa anasubiri kupasuliwa, na daktari alitaka jalada lake lote.

Karani mzee alitoa karatasi moja katika kabati la kwanza, nyingine katika la tatu. "Huwa tunaweka palipo na nafasi," alisema. "Usijali, mama, nazijua zilipo."

Lakini karatasi yenye jina la dawa iliyowahi kumdhuru mgonjwa haikuonekana. Mama akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Mkuu mpya wa masijala akainuka, akamgeukia karani. "Ndugu, si nilisema tufunge siku tatu tupange makabati yote?"

"Baba yangu," mama akamwambia, "naomba mpange jalada la mume wangu tu."

Mkuu akakunja mikono ya shati. Yeye na karani wakapekua hadi wakaipata katika kabati la pili, wakazifunga karatasi zote kwa uzi mmoja. Mama akaondoka mbio.

Jioni daktari alimaliza upasuaji salama. Masijala haikufungwa; sasa hupanga jalada la kila mgonjwa anapokuja. Langu bado limetawanyika, na kwa afya njema niliyonayo, naomba lisiguswe.