Gari Lililosema Ta-ta-ta

Nakumbuka asubuhi moja pale Buluk, mwanangu, gari langu lilipoamua kunivua nguo mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa kijana, mwembamba kama waya wa redio, nimetoka tu kumaliza masomo ya jioni ya umeme wa magari. Cheti changu nilikibeba kila mahali, hata chooni. Ungenipa nafasi ningekueleza umeme unavyotembea mpaka wewe mwenyewe uwake.

Siku hiyo haikuwa ya mchezo. Mama mkubwa, aliyenilea tulipokuwa ukimbizini Uganda, alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Kampala kupasuliwa macho. Alikuwa amebaki kuona ukungu tu. Nafasi kwa daktari tuliingoja karibu mwaka mzima, na akiikosa tungeanza kungoja upya. Nikamketisha kiti cha mbele, mkoba mapajani, nikazungusha ufunguo.

Ta-ta-ta-ta-ta! Basi. Injini haikuzunguka hata kidogo.

“Stata imekufa,” nikatangaza kwa sauti ya bungeni, watu wajue msomi amesema. Nikaingia chini na nyundo, nikaigonga ile stata kama mtu anayeua nyoka. Ta-ta-ta. Nikaita vijana wa bodaboda wasukume. Wakasukuma mpaka jasho lao likajaza mashimo ya barabara, nami msomi nimesahau kabisa kwamba gari ni otomatiki, la aina ambayo hata ukilisukuma hadi Nimule mpakani haliwaki.

“Ndege bado iko?” mama mkubwa akauliza kutoka ndani, kwa upole.

“Iko, mama. Dakika mbili tu.”

Upole ule, mwanangu, ulinichoma kuliko matusi.

Kando ya barabara alikuwa ameketi Mama Keji, muuza chai wetu, anatazama tu. Hatimaye akaita, “Ustaz!” Ndivyo tunavyomwita mwalimu hapa, naye hakuwa ananisifu. “Ustaz, hiyo kitu inalia mara moja, ama mingi mingi?”

“Mama, wewe angalia chai yako.”

Ndiyo, nilimjibu hivyo. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Yeye hakukasirika. Alijifuta mikono, akachukua birika lake, akaja.

“Chai iko sawa. Gari yako ndiyo iko na homa. Washa taa kubwa.”

Sikujua kwamba kule Arua, Uganda, mwanamke huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya kaka yake, akifungua malori ambayo wanaume walikuwa wameyakimbia. Nikawasha taa. Zikawaka vizuri.

“Sasa zungusha ufunguo. Macho kwa taa.”

Ta-ta-ta, na taa zikafifia mpaka zikazimika.

“Umeona? Ingekuwa stata, mara nyingi inalia mara moja tu, ko! Na taa inabaki kuwaka. Hapa umeme haifiki.”

“Lakini betri ni nzima! Jana imewasha taa ya nyumbani mpaka nikachoka kusoma.”

“Ahaa. Kumbe unatoa betri kila siku?”

Nilikuwa naitoa, kama wengi mtaani. Umeme haukuwepo, kwa hiyo jioni betri inaingia ndani kunimulikia daftari, asubuhi inarudi garini, ninakaza kwa vidole na kuondoka. Mama Keji akagusa kishikio cha waya juu ya betri, akarudisha kidole haraka. Kilikuwa kinaunguza. Akakitikisa, kikacheza kama jino la mtoto. Kisha katikati ya ungaunga wa kijani wa kutu akachomoa karatasi iliyokunjwa. Kishikio kilikuwa kimelegea, nami nilikuwa nimekibana kwa kipande cha daftari langu la shule.

Akaikunjua. Akaisoma polepole, kwa sauti: “‘Karatasi haipitishi umeme.’ Hii mwandiko ya nani?”

Kijana mmoja wa bodaboda alicheka mpaka akaanguka na pikipiki yake. Mama mkubwa hakuona kitu, ila alisikia kila kitu, naye akacheka mpaka mkoba ukadondoka.

Mama Keji hakupoteza muda. Akatoa kwanza waya wa upande hasi, halafu ule wa chanya. Akamimina maji ya moto ya birika, akasugua kwa chuma cha kusugulia sufuria mpaka vishikio vikang'aa. Badala ya karatasi akakata kipande chembamba cha kopo la maziwa, akakizungushia kwenye kichwa cha betri, akakaza kwa spana ya vijana wa bodaboda. Chanya kwanza, hasi mwisho.

“Zungusha.”

Injini ikanguruma mara moja. Nadhani hata watu wa mtaa wa Nyakuron walifikiri ni radi.

Nilipotaka kumshukuru akanitia ile karatasi mkononi. “Hii weka kwa kichwa, Ustaz. Betri haiendi shule.”

Tulifika Thongpiny, lango la uwanja wa ndege likiwa linafungwa, na mama mkubwa akapita. Aliporudi baada ya wiki tatu alinitazama usoni muda mrefu, akasema, “Kumbe sura yako ndiyo hii! Nilikuwa nakukumbuka mzuri zaidi.” Kisha akaomba nimpeleke kwa Mama Keji, akamwone. Akamshika mashavu kwa mikono miwili.

Basi, mwanangu, gari likikulilia ta-ta-ta, usikimbilie nyundo. Washa taa, tazama, gusa vishikio kwa uangalifu, safisha, kaza. Na kama yuko mtu pembeni anayekuuliza swali, hata kama ameshika birika, mjibu swali lake kabla hujamwonyesha cheti chako. Mimi cheti changu bado ninacho, ila ukutani nimetundika ile karatasi.

Mungu akupe betri yenye nguvu na sikio lililo wazi. Na siku utakayokwama, akuwekee Mama Keji karibu, maji yakiwa yamechemka.