Simu kwa Mtengeneza Gemu

Wasomaji, kwanza mnisamehe makosa ya herufi. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwetu Uvira, na tangu hapo nimeandika kidogo sana. Kila ninachowatumia huanza kwenye karatasi, kwa mwandiko uliolala kama nyasi zilizokanyagwa, kisha nakinakili kwenye simu kwa kidole kimoja. Mhariri husahihisha anachokiona. Makosa yanayobaki ni yangu.

Ameniomba nieleze nilivyoanza kuandika habari za gemu.

Nilianza kwa sababu ya vioo. Nafanya kazi kwenye duka la simu la mjomba, katikati ya Durban. Mbele tunauza kava na chaja, nyuma tunatengeneza. Kioo kipya kikishabandikwa lazima kijaribiwe kila pembe, na njia ya haraka ni kufungua gemu, maana kwenye gemu kidole kinafika kila mahali. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa siwezi kukaa mbele. Wateja wanauliza mambo, na nikiulizwa jambo maneno yananikwama. Basi nikawa nacheza kutwa nzima, kwenye simu za watu wengine, na nikianza kuielewa gemu mwenye simu anakuja kuichukua. Sikuwa nafurahi, wala sikuchukia. Tangu tufike hapa niko hivyo. Si huzuni. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, lakini ukiugusa hausikii.

Siku moja duka likiwa kimya nikaandika gemu zipi zinakubali simu ya bei ndogo, zipi zinaganda, zipi zinamaliza data yako kwa matangazo. Nikaituma orodha hiyo kwenye tovuti hii. Mhariri, mama mmoja wa Mombasa, akajibu: "Nimeipenda. Wenzako wananiletea gemu ambazo msomaji wangu hana hata simu ya kuzifungua." Akasema hana ajira ya kudumu, analipa kwa makala, na kabla hajanichukua anataka kuona makala moja yenye mahojiano. Kuna kijana Mwanza aliyetengeneza gemu ya kusukuma mkokoteni sokoni. Nikizungumza naye na kuandika vizuri, nimeingia.

Nafasi ile niliitaka. Nilidhani nimepata kazi ambayo mtu haongei.

Nikamwandikia yule kijana maswali yangu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Ndugu yangu, kuandika mimi siwezi, nipigie Jumamosi."

Wiki ile nilicheza gemu yake kwenye kila simu iliyopita mkononi mwangu. Unasukuma mkokoteni wa vitunguu, njia ina mashimo, ukikata kona vibaya gunia linaanguka. Unainama kuokota peke yako, na watu wanapita tu. Wapita njia wote wamevaa shati la kijani, na wote bega la kushoto limeshuka kidogo. Nilitaka kujua ni kwa nini. Niliandika swali hilo la mwisho, chini kabisa ya karatasi.

Jumamosi nikapanda ghorofani, saluni ambako dada yangu anasuka. Alikuwa na mteja mmoja, mama wa Kirundi anayeuza nyanya soko la Warwick, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Yaya," nikamwita dada kama tunavyoita kwetu, "unisaidie kupiga simu."

"Kwa nani?"

"Mtu wa gemu."

"Mimi najua gemu? Bon, si wewe ndiye mwandishi?"

"Maswali nimeandika yote. Wewe uyasome tu."

"Eish, huyu mtoto! Siku yako ya kuoa, mimi ndiye nitakayekuja kusema ndiyo?"

Mama wa nyanya akacheka mpaka dada akamshika kichwa. "Msaidie, binti yangu," akasema. "Mimi niko hapa tu. Na kichwa hiki nitakipeleka wapi?"

Dada akaweka simu kwenye rafu, katikati ya chupa za mafuta ya nywele, akafungua sauti kubwa. Kijana wa Mwanza akapokea haraka, sauti ya uchangamfu. Dada akasoma swali la kwanza, mikono ikiendelea kusuka. Gemu ilichukua muda gani? Miaka miwili, jioni jioni baada ya kazi. Akasoma la pili. Kwa nini mkokoteni? Kwa sababu baba yake aliusukuma. Akaeleza gemu inavyochezwa, gunia linavyoanguka na unavyookota peke yako. Mimi nilikuwa naandika, naandika, na mkono wangu ni mzito. Kijana alikuwa ameshafika mbali.

Mama wa nyanya akaingilia. "Alo, mwanangu! Mbona mzigo ukianguka hakuna wa kukusaidia? Kwetu sokoni ukianguka watu wanakuja kuokota. Mmoja anakuibia kitunguu, sawa, lakini wanakuja!"

Kijana akacheka sana. Akasema kuchora watu wanaoinama ni kazi ngumu, alishindwa.

"Haya," dada akasema, "asante sana kaka, tumemaliza."

Alikuwa hajafika chini ya karatasi. Nikamvuta nguo. Akanitazama, akanielekezea simu kwa kidevu, mikono yake imejaa nywele.

"Uliza mwenyewe," akanong'ona.

Nikasogea kwenye rafu. Nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba kingine.

"Yule wa shati la kijani ni nani?"

"Nani anaongea?"

"Ndiye mwandishi," dada akasema.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," kijana akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Nilihitaji watu wanaotembea, na sikuwa na mtu wa kumwomba. Nikaegemeza simu ukutani, nikatembea mbele yake uani kwetu. Kisha nikajinakili. Soko zima ni mimi."

"Yesu!" mama wa nyanya akasema. "Kwa hiyo wewe ndiye unajipita ukiwa umeanguka?"

Wakacheka wote watatu. Mimi niliandika jibu lile neno kwa neno. Sikucheka, lakini nilijua makala imepatikana.

Niliiandika kwa siku nyingi. Mhariri akaikata mwanzo wote, akaanza na shati la kijani, akaniandikia: "Umeingia. Wa pili yuko Kigali, ametengeneza gemu ya nyuki. Naye anataka kupigiwa."

Nilimsomea dada ujumbe huo. Akapiga kigelegele, saluni nzima ikageuka.

"Mbona wewe hufurahi?"

"Nafurahi."

"Furaha gani hii ya mtu aliyefiwa?"

Nilishuka dukani, kulikuwa na simu inangoja kujaribiwa kioo.

Yule wa Kigali bado sijampigia. Dada amesema safari hii hasomi hata swali moja. Mhariri anangoja, na nisipopiga nafasi itakwenda kwa mwingine. Nitapiga. Ila maswali yangu ni machache, na lile la mama wa nyanya sikulifikiria mimi. Basi wasomaji, gemu ya nyuki ni ya bure na inakubali simu ndogo. Ichezeni, mniandikie mnataka nimuulize nini. Andikeni hata kwa makosa. Nitamjibu kila mmoja, polepole.